Msitu Niliosema Si Msitu

Makomredi, naanza na aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye TP katika shule moja ya kutwa upande wa Kaloleni, nikifundisha Kiswahili na Jiografia. Jumanne moja, saa nne asubuhi, niko na kidato cha pili, na nyuma ya darasa amekaa mhadhiri aliyekuja kunitathmini, kalamu mkononi, ile fomu yake juu ya goti. Waliopitia wanajua. Ukiiona ile fomu hata jina lako mwenyewe linakupotea. Somo lilikuwa uoto wa asili. Nikauliza swali ambalo nililiandaa usiku kucha: "Nani atanitajia msitu wa asili, hapa Kenya au kwingine?"

Mikono ikainuka. Amazon. Kongo. Kakamega. Msichana mmoja akasema Arabuko-Sokoke, nikamsifu kwa sababu huo ni wa pwani. Kisha kijana wa dawati la mwisho, ambaye kwa wiki tatu nzima sikuwa nimesikia sauti yake, akasimama, akanyoosha kidole dirishani na kusema, "Na ule je, mwalimu?"

Dirishani kulikuwa na kilima. Juu ya kilima kuna kaya.

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akaiga sauti ya mganga akipunga hewani, wengine wakapiga madawati. Nikaona kipindi kinaniponyoka, na fomu iko gotini. Nikasema, "Ule si msitu. Pale ni mahali pa wazee. Keti." Akaketi. Tukaendelea na Amazon.

Alama nilizopata siku hiyo zilikuwa nzuri. Kwenye sehemu ya maoni aliandika mstari mmoja: anadhibiti darasa vizuri.

Usiku, nikiandika maelezo ya kipindi kilichofuata kwa mwanga wa simu, nilifika kwenye sifa za msitu wa kale. Miti ya umri tofauti, mirefu na mifupi, imepangana kwa tabaka. Magogo yaliyoanguka yenyewe yakaachwa yaoze. Mimea inayotambaa, minene kama paja la mtu, ikining'inia kutoka juu. Kivuli kizito kiasi kwamba nyasi hazioti. Niliandika yote, nikaweka kalamu chini. Nimekulia kilomita tatu kutoka kilima kile. Sikujua kama humo ndani mna hata kimoja kati ya vitu hivyo, kwa sababu sikuwahi kuingia. Na bado nilikuwa nimemwambia mtoto wa watu, kwa uhakika wote wa mwalimu, kwamba si msitu.

Kwa wenzangu mliotoka bara, labda nieleze kidogo. Sisi Wamijikenda tuko makundi tisa, na kila kundi lina kaya yake, mengine yana zaidi ya moja. Masimulizi ya wazee yanasema tulitoka Shungwaya, kaskazini huko, tukashuka tukifukuzwa, karne ya 16 hivi. Tulipofika hapa hatukujenga ufukweni wala bondeni. Tulipanda vilimani, tukaingia katikati ya msitu, tukasafisha nafasi ya kutosha nyumba, na msitu uliobaki tukauacha kama ulivyo, umetuzunguka pande zote. Kuingia ni kwa njia nyembamba zenye milango. Baadaye, hatari ilipopungua, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kufuata mashamba, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 kaya nyingi zilikuwa hazina wakazi tena. Yalibaki makaburi, maombi ya mvua, wazee. Na miti.

Kaya zinazojulikana ni zaidi ya 50, kuanzia Kwale hadi Kilifi. Nyingi ni ndogo mno. Hata zile zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, akina Kaya Kauma, Kaya Ribe, Kaya Kambe na wenzao, zina hekta kati ya 30 na 300 hivi. Kaya Kinondo kule Diani, ambayo wengi wenu mmepita karibu nayo mkienda kuogelea, ni hekta kama 30 tu. Yetu haimo kwenye orodha ile, na jina lake siliandiki hapa. Niliombwa nisiliandike.

Nikiwa mdogo, kaya ilikuwa kiraka cheusi nilichokiona kupitia dirisha la matatu. Kila kitu kingine njiani kilikuwa na rangi ya jua: minazi, mikorosho, muhogo, mbuzi, machimbo ya mawe meupe. Halafu ghafla hicho kilima, cheusi, kama mtu amemwaga wino. Mamangu ni mtu wa kanisa na kaya kwake ni neno la kunong'ona. Tulipofika usawa wa kile kilima alikuwa akibadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba pale kuna kitu cha kutokitazama, na kusema kweli nilijifunza vizuri, maana sikukitazama kwa miaka 22.

Sasa, babu yangu mzaa baba ni mmoja wa wazee wa kaya ile. Tunamwita tsawe, ndivyo babu anavyoitwa kwetu. Jumamosi iliyofuata nilienda kumtafuta. Sikumkuta kwake. Tangu mwaka jana anaishi Mariakani kwa shangazi yangu, katika chumba cha nyuma chenye jiko la gesi na kitanda. Alitoka kijijini baada ya mtu kusukuma karatasi chini ya mlango wake usiku. Sina haja ya kuwaambia wa Kilifi ilikuwa imeandikwa nini. Kwetu mzee akifika umri wa mvi anaanza kuitwa mchawi, na ukichunguza sana, wanaomwita hivyo mara nyingi wana jicho kwenye shamba lake. Wazee wameuawa kwa hilo, wengi. Tsawe ana miaka 78, na nilipomwona nilishtuka: nywele zote nyeusi tii, mpaka ngozi ya kwenye paji imeshika rangi. Shangazi anampaka kila baada ya wiki tatu.

Nilimwamkia, akaniwekea mkono kichwani. Nikamwambia nataka kuingia kaya.

"Nani amekutuma?"

"Mwanafunzi wangu, tsawe."

Alicheka hadi akakohoa. Halafu akaniuliza maswali kwa muda mrefu, mengine hayaandikiki, na mwishoni akanipa masharti. Kaniki ya kujifunga. Kofia hapana, viatu hapana. Simu izimwe, picha hapana. Chupa ya mnazi na shilingi 300 kwa wazee wenzake. Na nisitoke na kitu, hata kijiti kilichoanguka chenyewe. "Hata kwenye nywele," alisema. "Ukitoka, jikung'ute."

Tulienda Jumamosi ya baadaye, kwa bodaboda hadi chini ya kilima, kisha kwa miguu. Wazee wawili walitungojea.

Mpaka wa ule msitu ni kama ukuta wa nyumba. Hatua moja uko kwenye mahindi yaliyokauka, jua la saa tatu linakupiga utosini. Hatua inayofuata uko ndani, na jasho la mgongoni linaanza kupoa. Nilisimama bila kuambiwa. Macho yalichukua muda. Kilichokuja kwanza ni harufu, ya majani yaliyooza na maji, na mwezi huo mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Miguu yangu ilikuwa inazama kwenye majani makavu hadi kifundoni. Nyasi, hakuna hata moja.

Mvule wa kwanza nilidhani ni mwamba. Tungehitaji watu wanne kuuzunguka kwa mikono, na shina lilipanda moja kwa moja bila tawi hadi shingo ikauma. Karibu yake palikuwa na mvule mwingine ulioanguka zamani, umelala, juu yake imeota miche mingine kama safu ya watoto kwenye benchi. Mzee mmoja alinionyesha msandarusi, ule unaotoa utomvu uliokuwa ukiuzwa ng'ambo kwa kutengenezea vanishi. Chini ya mbambakofi mbegu zilikuwa zimetapakaa, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, nzuri ajabu, na mkono wangu ukainama wenyewe. Tsawe akakohoa. Mkono ukarudi.

Juu hondohondo walikuwa wanalia ile sauti yao ya mtoto mchanga aliyekasirika. Kima walitufuata, nadhani walikuwa wanatusema.

Nilikuwa na ile orodha yangu kichwani. Tabaka za miti, zipo. Magogo, yapo. Mimea inayotambaa ilikuwa imeshuka kutoka juu na kupanda tena mahali pengine, minene kuliko paja langu, na mimi si mwembamba. Kivuli, kipo. Kila mstari niliowasomea watoto kutoka kitabuni ulikuwa hapo, kilomita tatu kutoka nyumbani kwa mamangu, na vyote vilikuwa vinanisubiri nikiwa nasoma habari za Amazon.

Tulifika penye miti miwili iliyosimama kama miimo ya mlango. Tsawe akasema ndio mlango. Hapo zamani kulikuwa na mlango kweli, wa mbao, na zaidi ya hapo mwingine. Mahali fulani ndani kumezikwa fingo, kitu walichokuja nacho wa kwanza waliofika, cha kulinda mji. Wanaojua kilipo ni wachache na mimi si mmoja wao. Tulikaa chini. Wazee walimimina mnazi kidogo ardhini, wakasema maneno yao, kisha tsawe akaanza kunieleza kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote cha Jiografia.

Alisema, "Adui akija hapa, anaona nini? Haoni mji. Anaona miti." Msitu ulikuwa ukuta wa mji. Mtu akikata mti, amebomoa ukuta, ameweka watoto wa wenzake hatarini, kwa hiyo kesi yake ilikuwa nzito na faini yake ilikuwa ya mnyama. Baadaye hatari iliisha lakini sheria ikabaki, ikashikwa na makaburi na hofu ya fingo. "Hofu ilifanya kazi nzuri," alisema. "Nyinyi mliosoma mnaicheka. Nionyesheni chenu kilichofanya kazi miaka yote hiyo."

Sikuwa na cha kumwonyesha.

Kuna jambo lilinisumbua pale nilipokaa. Kitabu tunachotumia kinasema msitu wa asili ni ule ambao haujaguswa na binadamu. Huu umeguswa. Watu waliishi tumboni mwake, wakapika, wakazaa, wakazika. Hata mimi nisiye mtaalamu niliweza kuona kwamba mahali palipokuwa mji miti ni myembamba zaidi na imelingana, na pembeni ndiyo kuna ile mikubwa. Kwa ile sentensi ya kitabuni kaya isingepita. Lakini nje ya kaya, misitu isiyokuwa na mtu wala sheria ilikatwa yote, imekuwa mahindi na machimbo, na hii yenye watu ndiyo imebaki. Mimi naona sentensi ndiyo yenye kasoro, na nikipata ajira siisomi kwa mtoto yeyote bila kuongeza neno.

Tsawe akaonyesha mbele. "Mwisho wako ni hapa." Zaidi ya hapo ni makaburi. Baba yangu pia hajawahi kuvuka, kwa hiyo sikujiona nimebaguliwa.

Tulitoka kwa upande mwingine, upande wa machimbo. Na hapo, hatua kama 10 kabla ya mwanga, palikuwa na kisiki. Kilikuwa kipana kama meza ya walimu, kimeanza kuwa cha kijivu, pembeni kimetoa machipukizi matatu. Ardhi nyeusi karibu yake ilionyesha palipokuwa tanuri la mkaa. Wazee wale wawili wakatazama pembeni. Tsawe alisimama kidogo, akagusa kisiki kwa kidole cha mguu.

"Mgurure," alisema.

"Nani ameukata?"

Hakujibu hadi tulipofika barabarani. Akiwa anapanda bodaboda akasema, "Muulize baba yako mdogo."

Sikumuuliza. Si siku hiyo. Nilifanya kile tunachofanya sisi wasomi tukiogopa swali: nilienda maktaba. Nilirudi chuoni siku mbili kwa kisingizio cha kurudisha vitabu, nikasoma kila nilichokipata.

Nilisoma tena habari za Mekatilili wa Menza, ambaye sote tulimkariri shuleni: viapo vya mwaka 1913, kufukuzwa kwake hadi Kisii, upinzani wa Wagiriama. Viapo vile vilifanyika kwenye kaya, Kaya Fungo, na mwaka 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote bila kufikiria hata mara moja kwamba kaya ni mahali penye miti, kwamba waliobeba baruti walitembea chini ya kivuli kama kile.

Nilisoma kwamba miaka ya 1980 wataalamu wawili wa mimea, Ann Robertson na Quentin Luke, walizunguka pwani wakienda kaya hadi kaya, wakiandika kila mmea, na vile viraka vidogo vikaonekana vina mimea adimu isiyolingana kabisa na udogo wao. Kuanzia mwaka 1992 serikali ikaanza kutangaza kaya kuwa urithi wa taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Vitabu vinasema ziligunduliwa. Hilo neno kugundua lina mambo yake. Krapf alipiga kambi Rabai tangu mwaka 1846, si mbali na kwetu, na tulifundishwa kuwa yeye aligundua Mlima Kenya mwaka 1849, kana kwamba waliokuwa wakilima chini yake hawakuwa wameuona. Nilikuwa tayari kumcheka Krapf, kisha nikakumbuka kwamba mimi nimegundua kaya ya babu yangu mwenyewe nikiwa na miaka 22.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mti mmoja. Unaitwa Karomia gigas kwa jina la kitaalamu. Ulikusanywa mara ya kwanza hapa pwani ya Kenya mwaka 1977. Miaka michache baadaye ukakatwa. Basi, ukahesabiwa kuwa umetoweka duniani, hadi mwaka 1993 ulipoonekana kwenye kipande cha msitu Tanzania, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapata mingine michache upande wa Kilwa. Ni mti mrefu, si jani la kujificha chini ya jiwe. Na kwa miaka kadhaa ulionekana umekwisha kabisa, kwa sababu mtu mmoja, siku moja, alihitaji mbao au kuni au nafasi. Sijui alihitaji nini. Nilijikuta namfikiria huyo mtu. Nilitaka awe mtu mbaya.

Jioni niliyorudi nyumbani, baba mdogo alikuwa kibarazani anashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani. Nikakaa kwenye ngazi.

"Baba mdogo, kile kisiki cha mgurure, upande wa machimbo. Ni chako?"

Hakusimamisha sindano. "Ni changu."

"Lakini ule ni ndani ya kaya."

"Ni nje. Alama ya mpaka ilikuwa juu zaidi." Akavuta kamba. "Tsawe atakwambia ni ndani. Alama yenyewe haipo tena, iling'olewa walipoanza kuchimba mawe, kwa hiyo sote wawili tunaweza kuwa na haki."

Nikaanza kumweleza kuhusu mimea adimu. Nilimweleza hadi kuhusu Karomia. Alinisikiliza, nampa sifa hiyo, alinisikiliza vizuri kuliko kidato cha pili. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwaka wako wa pili, muhula wa kwanza, hela za HELB zilichelewa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka.

"Ulinipigia ukilia. Ulisema imebaki 11,200, usipolipa hufanyi mtihani. Nikakwambia nipe wiki mbili. Ulidhani nilienda benki?"

Magunia 14, kila moja shilingi 800. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nilipiga pale pale kwenye ngazi. Nakumbuka siku ile hela zilipoingia. Nilicheza hostelini, wenzangu wa chumba ni mashahidi, na zilizobaki baada ya karo, ambazo baba mdogo aliongeza za nauli, nilinunua chipsi.

Nimehudhuria semina za mazingira hapa chuoni, na kila mara kuna mtu anasimama kusema kwamba jamii zinazozunguka misitu hazina uelewa. Baba mdogo anaelewa. Anajua kila mti wa kilima kile kwa jina, ananishinda mbali. Alichagua mgurure kwa sababu unatoa mkaa mzito usiozima haraka, na aliuchagua ule kwa sababu ulikuwa pembeni na haukuwa na kiota. Alikwenda usiku. Kabla ya kupiga shoka la kwanza alimimina mnazi kwenye mizizi na kuomba radhi. Aliniambia hayo akiwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba anaiogopa fingo hadi leo, na kwamba alikwenda hivyo hivyo akiwa na hofu yake.

"Ungenifanyaje?" aliniuliza. Si kwa hasira. Alitaka kujua.

Nilisema sijui. Mamangu akatuita tule.

Wiki yangu ya mwisho shuleni nilisimama mbele ya kidato cha pili na kusema, "Wiki zile nilikosea. Ule ni msitu." Hakuna aliyecheka, nadhani kwa sababu hawajazoea mwalimu kusema hivyo. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuwapeleka hadi chini ya kilima, nikakataliwa. Wazazi wawili walikuwa wamekuja kulalamika kwamba mwalimu wa TP anawafundisha watoto mambo ya kishetani. Sikuwalaumu sana, maana mamangu angekuwa wa tatu. Kwa hiyo tuligeuza madawati yakaelekea dirishani na kuuchora msitu kutoka pale tulipokaa, tabaka kwa tabaka, dakika 40.

Nilimwita yule kijana ubaoni, aandike majina ya miti anayoijua. Kwao ni jirani na kaya. Aliandika kwa lugha ya nyumbani, mwandiko mbaya, haraka haraka kana kwamba nitamkatiza. Alifika 23. Wengine wakaanza kumkosoa na kuongeza, huyu jina analotumia bibi yake, yule la upande wa Ganze, na kelele zikawa kubwa hadi mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Mimi niliyatambua majina sita. Darasa halikudhibitiwa hata kidogo.

Mwisho wa kipindi alinifuata nje. Alisema huwa anahesabu visiki anapochunga mbuzi. Mwaka jana vilikuwa vitano, sasa ni tisa. Aliniuliza kama nataka aendelee kuniandikia. Nikampa namba yangu.

Nimerudi chuoni tangu wiki tatu zilizopita. Tsawe bado yuko Mariakani. Anasema akirudi kwake ataacha nywele zirudi rangi yake, na shangazi anasema basi harudi.

Juzi, saa mbili usiku, nikiwa kwenye foleni ya chakula, simu ikalia. M-Pesa, shilingi 6,000, jina la baba mdogo. Nilikuwa nadaiwa na chuo 5,800 na yeye alijua. Nilimpigia kumshukuru, na katikati ya shukrani nikamuuliza zimetoka wapi.

"Za nazi," alisema.

Nilimwambia asante. Asubuhi nilimpigia tsawe, nikaulizia afya, nikaulizia shangazi, nikaulizia mvua, kisha nikauliza kama minazi yetu imezaa vizuri msimu huu. Akasema haijaanguliwa tangu mwezi wa tatu.

Karo nilikuwa nimeshailipa. Yule kijana hajaniandikia bado.